Miguu ya Mtoto Si Shamba la Ukoo

Kila kata ya wilaya yetu ya Kongwa ina mtoto anayejulikana na watu ambao yeye hawajui. Nenda Kibaigwa, Mlali, Mkoka au Pandambili, uliza tu, utaonyeshwa. Ni yule wa darasa la sita au la saba ambaye akipokea mpira, wapakiaji wa mahindi husimama na gunia begani wamwone anavyomtoka beki. Mechi za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, zikikaribia, jina lake ndilo la kwanza kuandikwa. Bodaboda humpandisha bure. Mwenye duka humfungulia soda baridi na kumwambia, "Dogo, we fundi. Ukitoboa usitusahau."

Maneno hayo husemwa kwa upendo, na mtoto huyapokea kwa tabasamu. Lakini yahesabu kwa mwaka mzima. Dereva kasema, mwenye duka kasema, mjomba aliyekuja msibani kasema, mwalimu wa michezo kasema huku akimkabidhi jezi. Hadi anamaliza la saba, mtoto wa miaka 13 anadaiwa na nusu ya kata, naye hajakopa hata shilingi. Na kuna jambo analijua ingawa hakuna aliyemwambia: zile soda hazikuwa zake. Zilikuwa za mtu mwingine, mkubwa, tajiri, anayeishi Ulaya, ambaye yeye amebebeshwa kazi ya kumleta.

Nyumbani mzigo unaingia kwa mlango wa nyuma. Vijijini kwetu kuna ndoo za kubeba, kuna mbuzi wa kupeleka machungani, kuna alizeti ya kupalilia jua likiwa kali. Mtoto mwenye kipaji huanza kusamehewa. "Mwacheni apumzike, kesho ana mechi." Ndoo yake inabebwa na dada yake. Mbuzi wake wanachungwa na mdogo wake. Akirudi na kombe, hao wawili wanaambiwa wapige makofi, na wanapiga. Miaka miwili ya namna hiyo inatosha kumfanya mtoto awe mgeni katika nyumba aliyozaliwa: anawekewa kipande kikubwa cha nyama, hakuna anayemtania, na ndugu waliokuwa wakivutana naye blanketi usiku sasa wanampisha. Wazazi wanadhani wamemheshimu. Wamemwondoa katika udugu, na udugu ndio utakaohitajika siku atakapoumia goti.

Nataka kusimulia habari za kijana mmoja ambaye alimleta kweli yule mtu mkubwa, tena mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Hakuwa wa huku kwetu. Alikuwa wa Nyahururu, Kenya, na wengi tunajua mwanzo wake na mwisho wake tu. Funzo limekaa katikati.

Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa Novemba 1986. Alilelewa upande wa mama, akabeba jina la mama, katika umaskini. Alianza kukimbia akiwa mdogo, na alipofika miaka 15, mwaka 2002, akapata nafasi ya kwenda Japani, Shule ya Sekondari ya Sendai Ikuei. Shule kadhaa za Japani huchukua vijana wa Kenya kuimarisha timu zao za mbio za kupokezana barabarani, ambazo Wajapani huziita ekiden na huzipenda kupita kiasi. Kwa hiyo kijana wa Nyahururu aliondoka kwao, akaenda kuishi kwenye baridi, kwa lugha asiyoijua, ili shule ya watu wengine ishinde. Alijifunza Kijapani. Alijifunza kuamka kwa saa. Alipohitimu mwaka 2005 alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya Koichi Morishita, ambaye mwenyewe alikuwa amepata medali ya fedha ya marathoni kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992.

Yaliyofuata hayajawahi kunichosha kuyaeleza. Tarehe 26 Agosti 2005, mjini Brussels, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Septemba, akaingia barabarani Rotterdam na kumaliza nusu marathoni kwa dakika 59:16, akivunja rekodi ya dunia ya mkubwa wake Paul Tergat kwa sekunde moja. Alikuwa hajatimiza miaka 19. Haile Gebrselassie alipoichukua rekodi hiyo mwaka 2006, Wanjiru aliirudisha mwaka 2007, kisha mwezi mmoja baadaye akaivunja ya kwake mwenyewe: dakika 58:33, The Hague. Desemba ya mwaka huohuo alikimbia marathoni yake ya kwanza, Fukuoka, akashinda.

Kisha ikaja Beijing, tarehe 24 Agosti 2008. Wazee wa marathoni wote walikuwa na kanuni moja kuhusu mbio za kiangazi: joto likiwa kali, anza polepole, subiri, waache wenye haraka waanguke. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Carlos Lopes wa Ureno, saa 2:09:21, na ilikuwa imekaa tangu Los Angeles 1984. Wanjiru, mwenye miaka 21, aliondoka na kasi ambayo watazamaji walidhani ni ya ujinga. Hakupunguza. Alimaliza kwa saa 2:06:32. Kenya, nchi ya wakimbiaji, ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya marathoni ya Olimpiki hadi asubuhi ile, na rekodi aliyoiweka ilidumu miaka 16, hadi Paris 2024.

Mwaka 2009 alishinda London na Chicago. Mwaka 2010 alirudi Chicago akiwa hana afya nzuri, akavutana na Tsegaye Kebede wa Ethiopia kilomita za mwisho, mmoja akimpita mwenzake kisha akipitwa, hadi kwenye kile kilima kidogo cha mwisho alipofyatuka. Kwangu mimi hakuna marathoni iliyomalizika vizuri kuliko ile. Kwa mara ya pili mfululizo akatwaa taji la mashindano makuu ya marathoni duniani, lenye zawadi ya dola 500,000 kila mara. Mwezi mmoja baadaye alitimiza miaka 24.

Sasa tazama kijana huyu anaporudi Nyahururu. Japani kulikuwa na mtu wa kumwamsha, mtu wa kumpangia chakula, mtu wa kumwambia leo hutoki. Nyumbani kulikuwa na jamaa, majirani, marafiki wa utotoni na marafiki wa wiki iliyopita, na wote walikuwa na shida za kweli: ada, hospitali, bati, kiwanja. Alikuwa mkarimu, na hilo kila aliyemjua alilisema. Alisaidia, alinunulia watu vinywaji, alikunywa nao. Ndoa yake ilitikisika hadharani. Desemba 2010 alikamatwa akituhumiwa kumtishia mkewe na kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Baadaye mkewe aliondoa malalamiko yake na wakapatana. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafa. Wengine walisema alijirusha, wengine ni ajali, mama yake aliamini mwanawe ameuawa. Mazishi yalicheleweshwa kwa wiki kadhaa na mvutano wa familia uliofika mahakamani.

Siandiki haya kumhukumu marehemu, wala mjane wake, wala mama yake. Wamehukumiwa vya kutosha. Nayaandika kwa sababu kila tunaposimulia kifo chake tunakimbilia pombe, na tukishasema pombe tunajisikia salama, kwani watoto wetu hawajaanza kunywa. Mimi naona kosa lilianza miaka tisa nyuma, pale kijana wa miaka 15 alipofanywa mtu mzima wa fedha huku akibaki mtoto katika mengine yote. Alifundishwa mwendo, chakula, usingizi na namna ya kushika kona. Sikuona popote kwamba kuna aliyemfundisha kumwambia shangazi yake "sina" wakati anazo. Na watu wote ambao kwa mila wangeweza kumkemea, wajomba, wazee, kaka wakubwa, walikuwa wanakula mkononi mwake au wanatarajia kula. Mzee anayesubiri mabati hamkemei mwenye mabati. Hivyo ndivyo kijana anavyozungukwa na watu mia na kukosa mkubwa hata mmoja.

Huku kwetu tuna jina la watu wa namna hiyo, tunawaita chawa au wapambe, na tunawacheka kwenye muziki na siasa. Nasikitika kwamba tukiwaona karibu na mtoto wa darasa la saba hatuwacheki, kwa sababu mara nyingi ni sisi wenyewe.

Kongwa ina sababu yake ya kulielewa jambo hili kuliko wilaya nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta hapa kufyeka pori ili tulime karanga. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, na wakubwa wa London walikuwa wameshapiga hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake Tanganyika. Walihesabu mavuno kabla ya kuijua mvua ya Kongwa. Hawakujua kwamba udongo huu ukikauka unakaza hadi karanga hazichimbiki. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimezama, na sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe. Ardhi haikuwa mbaya. Wagogo walikuwa wakilishia mifugo humo na kulima mtama na uwele vizazi kwa vizazi. Ilidaiwa mazao ambayo haikuwa tayari kuyatoa, kwa muda ambao haikuwa nao, na watu ambao shida yao ilikuwa ya kweli lakini haikuhusiana na ardhi hiyo kabisa. Baba mwenye deni la pembejeo anapomtazama mwanawe akipiga chenga, naye ana shida ya kweli. Deni hilo halimhusu mtoto.

Tena sisi huanza kuvuna mapema mno. Anzia kwenye umri. Kila anayehusika na michezo ya shule anajua mamluki ni nani: kijana wa sekondari anayevalishwa jezi ya shule ya msingi, au mtoto wa shule jirani anayepewa jina la mwanafunzi mwingine kwa mechi tatu. Na kuna ndugu yake mamluki, yule mwenye haki ya kucheza ila wakubwa wamempunguzia miaka miwili ili aendelee kuonekana wa ajabu. Watu wazima hulichukulia hili kuwa ujanja wa kawaida. Fikiria linavyomwingia mtoto. Siku ya kwanza anayoshangiliwa na uwanja mzima, jina linaloitwa si lake, au mwaka aliozaliwa si wake. Mwalimu anayemfundisha darasani kwamba kuiba mtihani ni dhambi ndiye aliyemwandikia uongo huo. Kuanzia hapo mtoto anabeba siri, na kila anayejua siri ana mkono shingoni mwake.

Uongo huo hukua pamoja naye. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa kwenye fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, baada ya kuthibitika imemtumia mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima cha vijana kilibaki nyumbani kwa kosa lililopangwa mezani kwa watu wazima. Mwaka 2009 FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana hao: mfupa wa mkono hufunga ukuaji wake kwa wakati wake, na ukishafunga hakuna hati ya kiapo inayoweza kuufungua. Mwaka 2017 kipimo hichohicho kilitunufaisha sisi. Congo-Brazzaville ilienguliwa baada ya mchezaji wake kutofika kupimwa, na Serengeti Boys wakaenda Gabon kwa nafasi hiyo. Tulishangilia. Sikumbuki kusikia mtu akimwonea huruma yule kijana wa Kikongo, ambaye huenda mtu mzima mahali fulani alikuwa amemshauri asiende kupimwa.

Mwaka 2019 fainali hizo zilikuja Dar es Salaam. Timu nne bora zingekwenda Kombe la Dunia, na taifa zima lilikwishajipangia kwenda. Vijana wetu walifungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola, wakamaliza bila pointi. Waliofungwa walikuwa na umri wa kidato cha tatu na cha nne. Mtu aliyepoteza mechi tatu akiwa na umri huo angestahili kwenda nyumbani kulia kidogo na kula ubwabwa wa mama yake. Wao walirudi wakiwa wameivunja moyo nchi ya watu zaidi ya milioni 50.

Katika kikosi kile alikuwamo mshambuliaji Kelvin John, kijana wa Morogoro, jirani zetu wa barabara kuu. Watanzania walishambatiza "Mbappe". Naomba wasomaji walifikirie jina hilo kwa makini, kwa sababu huku Kongwa pia watoto wanapewa majina ya namna hiyo, na yanaonekana zawadi. Kylian Mbappé alibeba Kombe la Dunia akiwa na miaka 19. Kijana anayepewa jina lake anaanza kila msimu akiwa nyuma. Bahati njema ni kwamba watu waliomsimamia Kelvin hawakumwuza mbichi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, naye muda huo wa kungoja alisoma Uingereza, chuo cha Brooke House, akicheza huku akisoma. Alipofikisha 18, mwaka 2021, akasaini Genk ya Ubelgiji, klabu ileile aliyopita Mtanzania mwenzake Mbwana Samatta, na baadaye akahamia Aalborg, Denmark. Kwa kipimo chochote cha haki, hilo ni jambo kubwa. Wavulana wa Kitanzania waliofika hapo ni wa kuhesabika. Lakini msikilize mtu kibandani akisema, "Si mlisema Mbappe?" Kosa la kijana ni lipi? Jina hakujipa.

Kwa wasichana mzigo una sura nyingine, na hapa sitazunguka. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa wakubwa akiwa na miaka 19, mwaka 2015. Alipata shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 2017 na ya 2019. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30:01. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25, na mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake walianzisha taasisi ya Tirop's Angels kupambana na ukatili wanaofanyiwa, kwa sababu walijua hakuwa peke yake: msichana anaanza kushinda, mwanamume mkubwa kwake anajitokeza akijiita kocha, kisha meneja, kisha mume, na mara akaunti ya benki ina sahihi yake. Wazazi wa Kongwa wenye binti anayekimbia vizuri wana swali la kuuliza kabla ya kuuliza ana kasi gani. Kambi ya mkoa atakwenda na nani? Mwalimu wa kike yumo kwenye safari? Ile simu mpya aliyoletewa imetoka kwa nani? Binti akisema hataki kwenda kambini, asikilizwe kwanza. Kombe la wilaya linaweza kusubiri.

Wapo watakaosema nawatisha watu, watoto wetu wafiche vipaji wabaki maskini. Sisemi hivyo. Wanjiru asingekimbia angekuwa maskini wa Nyahururu asiyejulikana, na dunia ingekosa ile asubuhi ya Beijing. Kipaji kilikuwa halali yake. Tena zipo njia nyingine, na moja imepita jirani kabisa. Alphonce Simbu alizaliwa Singida mwaka 1992. Akiwa na miaka 15 hakuna gazeti lililomjua. Alikua, akaajiriwa jeshini, akafanya mazoezi miaka mingi. Rio 2016 alishika nafasi ya tano. London 2017 alipata shaba ya dunia. Baada ya hapo ilipita miaka ambayo wengi walidhani amekwisha, na yeye akaendelea kukimbia. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, akiwa na miaka 33, alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani, hadi waamuzi wakatazama picha. Kifua cha Simbu kilikuwa mbele. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Sidhani kila mtoto anaweza kungoja hadi 33, na mpira haungoji kama marathoni. Ninachokiona kwa Simbu ni kwamba fedha na sifa zilimkuta mtu mzima, mwenye mshahara, mwenye nidhamu ya kambi, aliyekwisha kujua nani rafiki yake. Watoto wetu zitawakuta na miaka 16, na hapo sisi tunahitajika kuwa badala ya hiyo miaka ambayo hawajaiishi.

Namna gani? Nianze na nyumba, kwa sababu nyumba haihitaji bajeti ya halmashauri. Mtoto abebe ndoo yake. Siku ya mechi asamehewe, siku nyingine abebe, dada yake amwone akibeba. Akifunga mabao matatu asiamkiwe na wakubwa zake. Aamkie yeye, kama jana. Awepo mtu mmoja katika ukoo ambaye hatarajii chochote kutoka miguuni mwake. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni bibi, asiyejua kuotea ni nini, ambaye mjukuu akirudi kutoka uwanjani humwuliza tu kama amekula na mbona goti lina kidonda. Msimcheke bibi huyo wala msimfundishe mpira. Mwacheni hivyohivyo.

Walimu wa michezo nao waandike umri wa kweli, hata kama shule jirani imeleta mamluki wenye ndevu. Kufungwa kwa haki kwenye ngazi ya kata hakujawahi kumaliza maisha ya mtoto. Na mtoto akiachwa kwenye mchujo wa mkoa, taarifa hiyo apewe na mwalimu kwa mdomo, faraghani, siyo aisome ukutani mbele ya wenzake. Arudi shuleni Jumatatu, akute dawati lake, akute mwalimu wa hisabati amemsahihishia daftari. Kuna watoto walioacha shule wilaya hii si kwa sababu mpira uliwashinda, bali kwa sababu waliona aibu kurudi kuwa watu wa kawaida mbele ya watu waliokuwa wakiwaita mafundi.

Halafu kuna siku ya mgeni. Mgeni huja na gari, anasema ni wakala, anataja klabu, anatoa karatasi na wakati mwingine laki mbili za "maandalizi." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mtoto hawezi kujifunga kwa mkataba, kwa hiyo sahihi inayotafutwa pale ni ya baba au mama. Mwambie mgeni aiache karatasi. Ipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, ipeleke kwa ofisa michezo, itafutie mtu anayejua sheria akusomee kila kifungu kwa Kiswahili. Uliza shule itakuwaje, uliza akivunjika nani atamtibu, uliza fedha zitaingia akaunti ya nani. Asiyetaka kukuachia karatasi usiku mmoja mruhusu aende zake. Na kabla ya yote hayo muulize mtoto mwenyewe kama anataka kwenda. Muulize mkiwa wawili tu, shambani au njiani, wajomba wasiwepo.